Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wafugaji wa Farasi na Masaisi wa Lang'ata, Karen na Ngong

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, na masaisi wote, nyinyi watunza farasi mlioacha mabanda asubuhi hii mkaja,

Nawasalimu kwa niaba ya kamati. Namshukuru Mungu kwa kutufikisha tarehe 14 Desemba, na nawashukuru nyinyi 17 mlioketi hapa. Chama kina wanachama 46. Hilo nitalirudia.

Kazi za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitawachosha. Kwato zimekatwa kila baada ya wiki sita hadi nane kama ratiba inavyotaka, dawa ya minyoo imetolewa, meno yamekaguliwa na yaliyokuwa na ncha kali yamesuguliwa. Tumepokea wanachama wapya wanne. Tulimzika mzee wetu mmoja, saisi wa miaka mingi, na chama kikatoa rambirambi. Maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park tulishiriki, na barua ya maombi niliiandika na kuipeleka mimi mwenyewe.

Mwezi wa Februari palikuwa na mafunzo ya masaisi vijana. Tuliwafundisha kumpima farasi joto, kuhesabu mapigo chini ya taya, na kumzoesha kazi yetu ya kupandisha watoto na maharusi farasi aliyestaafu mbio katika uwanja wa Ngong. Wengi wetu tunanunua farasi hao kwa sababu bei yao tunaiweza, lakini lazima wafundishwe upya. Farasi wa mbio amelelewa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni. Ukivuta hatamu umsimamishe, yeye anaelewa kwamba wakati wa kuongeza mwendo umefika. Saisi asiyejua hilo atazidi kuvuta, na mtoto wa watu yuko juu. Tulitumia siku nzima kuwaonyesha vijana namna ya kumsimamisha kwa kukaa vizuri mgongoni, kushusha pumzi na kulegeza mkono, kisha kumzoesha baluni, mifuko ya plastiki na vigelegele. Kipaza sauti kilikuwa changu na mafuta ya gari yalikuwa yangu. Sikudai kurudishiwa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta baadhi yenu: amri ya kuwaondoa farasi kazini mapema jioni.

Mwaka huu ulianza na mvua ambazo hakuna asiyezikumbuka. Kuanzia Machi hadi Mei mito ya Nairobi ilifurika, watu wakapoteza maisha na nyumba, na shule zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Watoto walikaa nyumbani, lakini hakuna mzazi aliyetaka kumpandisha mwanawe farasi kwenye tope. Kisha Juni na Julai yakaja maandamano, shughuli za jiji zikasimama siku baada ya siku. Kwa hiyo najua vizuri hali ya mifuko yenu. Ni hali ya mfuko wangu pia.

Katikati ya hayo, tarehe 25 Mei, kamati iliamua kwamba farasi yeyote anayefanya kazi kwa jina la chama aondoke kazini saa kumi na moja jioni, awe bandani kabla ya jua kutua, na asitolewe tena mpaka kumekucha kabisa. Amri hiyo ni ya miezi ya mvua na wiki zinazofuata, yaani Machi hadi Julai, na Oktoba hadi Januari. Anayeivunja faini yake ni shilingi 2,000.

Tangu siku hiyo nimeitwa majina mengi. Nimeambiwa nimewanyima watu harusi, kwa sababu bwana harusi anataka kupigwa picha juu ya farasi jua linapozama, na hapo ndipo malipo mazuri yalipo. Nimeambiwa nimewapa kazi watu wasio wanachama. Nimeambiwa pia kwamba mimi farasi wangu ni wazee, wanafanya kazi asubuhi tu, kwa hiyo amri hainigusi. Hilo la mwisho si kweli, na anayelisema anajua si kweli. Mwezi Novemba nilirudisha malipo ya awali ya harusi mbili.

Naomba mnisikilize kwa utulivu. Mwezi wa Mei, farasi wa mwenzetu mmoja wa upande wa Ngong hakugusa chakula chake cha asubuhi. Saisi alimpima joto akakuta digrii 40 na nusu, wakati farasi mzima hazidi 38 na nusu. Nilipofika, mnyama alikuwa amesimama miguu ya mbele imepanuka, shingo ameinyoosha, mbavu zinapanda na kushuka kwa nguvu, naye amelowa jasho bila kufanya kazi yoyote. Kisha povu jeupe likaanza kutoka puani, jingi, likachuruzika mpaka kwenye ndoo ya maji. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Adhuhuri haikumkuta. Jana yake alikuwa kazini, na saisi anaapa kwamba alikula vizuri jioni.

Siku chache baadaye farasi wa mwanachama mwingine akapata homa. Huyu hakutoa povu. Yule saisi kijana, aliyekuwa kwenye mafunzo yetu ya Februari, aliona kwamba kile kishimo kilicho juu ya jicho la farasi, ambacho kwa kawaida kinabonyea, kimejaa na kutuna. Alinipigia simu saa hiyo hiyo. Daktari wa mifugo akaja, farasi akapumzishwa wiki nyingi bila tandiko, na leo yuko hai. Kijana huyo anastahili kupigiwa makofi na mkutano huu.

Hiyo ndiyo tauni ya farasi ya Afrika. Inaletwa na virusi, na virusi hivyo havipiti kwa kugusana, wala kwa ndoo, wala kwa mikono ya saisi. Nalisema hili kwa sababu kuna waliomfukuza saisi wa Ngong asikanyage mabandani kwao, na hiyo ilikuwa dhuluma. Vinapelekwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, wanaopenya hata chandarua cha kawaida. Visubi wanazaana kwenye tope na samadi mbichi, wanaongezeka baada ya mvua, na wanauma hasa kuanzia jua linapotua mpaka linapochomoza. Jua la hapa linatua kama saa kumi na mbili na nusu. Farasi anayetoka harusini Karen akatembezwa barabarani mpaka bandani anahitaji saa nzima au zaidi. Hesabu hiyo ndiyo iliyotupa saa kumi na moja. Hatukuiokota hewani.

Wapo waliosema, "Farasi wangu amechanjwa, mniache." Ndugu zangu, virusi hivi vina aina tisa, na kinga hujengeka mwaka hadi mwaka kwa kurudia chanjo. Yule farasi wa pili alikuwa amechanjwa. Aliugua lakini hakufa. Yule wa kwanza hakuletwa kwenye chanjo ya Februari. Simlaumu mwenzetu, msiba wake ni wetu, lakini siwezi kuandika taarifa nikaruka jambo hilo. Februari chama kiliweka ruzuku ili kila mtu aweze kuchanja, na kati ya farasi 52 wa wanachama waliletwa 29. Waliobaki walikuwa wapi? Niliwapigia wenyewe mmoja mmoja.

Wengine walisema visubi wamekuwepo tangu enzi za babu zetu. Ni kweli, na punda milia pia wamekuwepo. Wako hapa ng'ambo ya ua katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, wanabeba virusi hivi bila kuonekana wagonjwa. Farasi hana nguvu hiyo. Mwaka 2020 ugonjwa huu uliingia Thailand, nchi ambayo haikuwa na visubi wenye virusi wala farasi wenye kinga, na ukaua farasi zaidi ya 500 katika muda mfupi. Sisi tunaishi nao mlangoni, halafu tunabishana kuhusu picha za jioni.

Kuhusu kazi kuchukuliwa na wasio wanachama, mgala muue na haki yake mpe: zimechukuliwa, nimeziona. Lakini farasi wa kazi akifa, harusi ngapi zitamrudisha? Tangu uamuzi uanze kufuatwa, hakuna mwanachama aliyepoteza farasi kwa ugonjwa huu. Wanachama watano walivunja amri na wakaandikiwa faini. Hakuna hata mmoja aliyelipa shilingi, na wawili kati yao ndio wanaozungumza kwa sauti kubwa zaidi kuhusu uongozi mbaya. Msimamo wangu haujabadilika, na mkutano huu ukitaka kuubadilisha, ubadilishe kwa kura, si kwa ujumbe wa simu usiku wa manane.

Jambo la pili lililolalamikiwa ni uzito wa wapandaji, na hili nitalieleza kwa ufupi. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu ya tano ya uzito wa farasi. Hatuna mizani, lakini futi ya fundi cherehani inatosha. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, zidisha kipimo hicho kwa chenyewe, zidisha kwa urefu kutoka bega hadi tako, kisha gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye kifua cha sentimita 170 na urefu wa 150 ana kilo 365 hivi. Sehemu ya tano ni kilo 73, na tandiko bado hujalitoa. Nimewapima farasi wengi kwa mkono wangu mwenyewe, na nimekuta wengine wakibebeshwa baba mzima na mtoto wake mapajani. Kamati haitaomba radhi kwa kukataza hilo.

Sasa nirudi kwa mahudhurio. Mkutano wa Machi walikuja 21. Wa Agosti walikuja tisa, tukashindwa hata kupitisha kumbukumbu za mkutano uliotangulia. Watu hawaji, halafu wanasema hawakushirikishwa. Uamuzi wa Mei ulitangazwa siku kumi kabla ya kuanza kutumika, mapingamizi yakaombwa, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Kuna mwanachama, ambaye simtaji, aliyeniambia kwamba mikutano ni ya watu wasio na kazi. Mimi nina farasi wa kulisha saa kumi na moja alfajiri kama yeye, na nimehudhuria mikutano yote.

Na ada. Ada ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Robota moja la nyasi kavu za boma rhodes sasa hivi mnajua linauzwaje. Ada ya mwezi haizidi hapo sana. Kwa wanachama 46 tulitarajia 165,600. Zimekusanywa 91,200. Deni ni 74,400, na sehemu kubwa iko kwa watu wale wale wa mwaka jana. Mkono mtupu haulambwi, na daktari wa mifugo haji kwa maombi. Mwezi Mei, alipoitwa usiku, nauli yake niliitoa mfukoni mwangu, na vipimajoto vitano vilivyogawiwa masaisi nilivinunua kwa pesa zangu. Mweka hazina anazo risiti.

Hesabu kwa jumla ni hizi: salio la mwaka jana 38,450, ada 91,200, viingilio 4,000, mchango wa mfadhili 20,000, jumla 153,650. Matumizi ni chanjo na daktari 64,000, nyasi za akiba wakati wa mafuriko 31,500, rambirambi 15,000, ukumbi 7,200, vitambulisho na futi 6,300, karatasi, simu na ada za M-Pesa 4,850, jumla 128,850. Salio ni 24,800. Anayetaka kuona vitabu akamwone mama mweka hazina wakati wa chai. Namshukuru kwa uaminifu wake, hasa kwa kuvumilia maneno yaliyosemwa juu ya zile nyasi. Zilinunuliwa barabara zikiwa zimekatika na mabanda mengine hayana hata konzi, na kila aliyezipokea alitia sahihi.

Kwa mwaka ujao tuna matumaini ya kupata kipande cha ardhi cha malisho ya pamoja, ikiwezekana upande wa Ngong, Mungu akijalia na wafadhili wakijitokeza. Tungependa pia kuwa na bima ya masaisi, kwa kuwa saisi akipigwa teke leo anajitibu mwenyewe. Mazungumzo yameanza na yanaendelea vizuri. Tutaangalia pia uwezekano wa kuwavutia watalii zaidi wa asubuhi, ili pengo la jioni lizibike.

Chanjo ya mwaka ujao itafanyika Jumamosi tarehe 15 Februari, kabla ya mvua, uwanja ule ule wa chanjo ya mwaka huu, kuanzia saa mbili asubuhi. Farasi watakaochanjwa wafanye kazi nyepesi tu kwa wiki tatu zitakazofuata, kwa hiyo msichukue oda kubwa za Machi mwanzoni. Ruzuku ni kwa waliolipa ada mpaka Desemba. Asiyelipa atachanjiwa kwa bei kamili, na jina lake halitaingizwa kwenye orodha ya kazi hadi alete kadi ya chanjo. Baada ya chai kutakuwa na uchaguzi. Nimekubali kugombea tena kwa ombi la wanachama kadhaa, na fomu ziko kwa katibu.