Kabla hamjasukuma chombo

Nungwi, Unguja

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Mama yako anakusalimu sana.

Juzi uliponipigia simu ukasema boti yenu mpya ina mashine na kifaa cha kuonyesha samaki walipo, nilifurahi, Wallahi. Usiku ndipo nilipokosa usingizi. Kuna jambo nilitaka kukuuliza: kabla hamjasukuma chombo, nani kati yenu anaisikiliza bahari?

Babu yako alikuwa akiamka usiku wa manane, anakaa barazani kifua wazi, hasemi na mtu. Anasikiliza mawimbi yanavyopiga kwenye mwamba. Mwamba ukivuma ilhali makuti hayatikisiki, alijua huko mbali upepo umechafuka na mawimbi yake yametangulia kufika. Siku hiyo tanga halitoki ndani.

Mimi nilimpuuza mara moja. Nilikuwa na miaka 19, msimu wa kaskazi, na asubuhi ile bahari ilikuwa imelala kabisa. Tukatoka na ngalawa, mimi na mwenzangu. Adhuhuri upepo ukashuka ghafla. Nawe wajua mkondo wetu unakwenda kaskazini. Kaskazi ikivuma kutoka kaskazini inakutana nao uso kwa uso, maji yanasimama. Mawimbi mafupi, yamebanana, hujamaliza kupanda hili lile limeshakufikia. Mrengu mmoja, ule mti wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke, ukavunjika, nyavu zikaenda. Magharibi tukatupwa Tumbatu, mikono imechubuka kwa kukumbatia gogo.

Niliporudi babu yako hakunigombeza. Alinipa uji, akangoja nimalize, kisha akaniuliza, "Jana usiku mwamba ulivumaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelala.

Mengine unayajua, nayarudia kwa kuwa ni baba. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji makubwa: maji yanajaa kwenye saa kumi, yanapwa kwenye saa nne, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ukiona ndege membe wanajitupa pahala pamoja, dagaa wamepandishwa juu na samaki wakubwa wako chini yao. Na shika alama za pwani, mnara wa taa na minazi, hata kama kifaa kinakuonyesha njia. Betri huisha.

Sikwambii uache taarifa za hali ya hewa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema na mimi nikaipandisha ngalawa juu kabisa. Wazee wetu hawakutuachia dalili za kimbunga, kwa sababu vimbunga vilikuwa nadra kufika kwao. Kwa hiyo sikiliza redio, halafu toka nje usikilize na mwamba.

Nimempa dereva wa boti ya mizigo bildi ya babu yako akuletee. Ile risasi nzito ya kupimia kina, yenye shimo kitakoni. Paka mafuta mazito kwenye shimo, ishushe mpaka chini, kisha ipandishe uangalie. Ikija na mchanga, tia nanga kwa amani. Ikija tupu, imekwaruzwa, hapo ni mwamba, na samaki changu wako hapo. Kamba yake imezeeka, nunua mpya huko kabla hujaitumia.

Wasalaam,
Baba yako