Breki za lori kuukuu hufelia gereji, si mteremkoni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tujadili maneno mawili ambayo gazeti lako, kama mengine yote, huyaandika kila lori linapoanguka kwenye mteremko wa Kitonga, Sekenke au pale Salgaa kwa jirani zetu Kenya: "breki zilifeli". Msomaji anabaki akiamini kwamba breki huungua kama balbu, ghafla na bila dalili. Kwa lori kuukuu lenye breki za upepo, mambo hayaendi hivyo. Mara nyingi ukifungua magurudumu baada ya ajali unakuta kompresa nzima, mipira ya kupitisha upepo haijapasuka, matangi yalikuwa na upepo, na bado gari halikusimama. Kilichokosekana ni sentimita moja au mbili kwenye rodi ya chemba (fimbo ya chuma inayotoka kwenye kopo la upepo la kila gurudumu), nazo zilipotea wiki nyingi kabla.

Tuchukue zile Scania 113 zinazoendelea kuvuta tela kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Dereva akikanyaga, upepo unaingia kwenye chemba, unasukuma diaframu (ngozi ya mpira iliyo ndani), diaframu inasukuma rodi, rodi inasukuma slaki (mkono wenye nati ya kukazia breki), slaki inazungusha kamu yenye umbo la S, na kamu inazitanua shuu zenye lainingi (vitambaa vya kushika) zigandamane na dramu inayozunguka na gurudumu. Chemba za nyuma na za tela nyingi huwa namba 24 au 30. Namba hiyo ni eneo la diaframu kwa inchi za mraba: namba 30 ikipewa upepo wa psi 100 (paundi 100 kwa kila inchi ya mraba) inasukuma kwa paundi 3,000, yaani kilo 1,360 hivi. Ni nguvu nyingi, ila ina mwisho. Rodi ya namba 30 ya kawaida ina safari ya milimita 64 tu. Lainingi zikilika na slaki isikazwe, rodi inaimaliza safari yake kabla shuu hazijabana sawasawa. Hapo dereva akanyage hata kwa miguu miwili, diaframu imeshagota.

Balaa ni kwamba uwanjani mwa gereji hutaligundua hilo. Dramu ikiwa baridi na gari likitembea kilomita 20 kwa saa, breki yenye milimita 55 za safari inasimamisha gari vizuri tu, na fundi anapokea hela yake. Mteremkoni kinaingia kitu kingine: joto. Tani 50 zikishuka kimo cha mita 100 (kimo, si urefu wa barabara), nishati ya kushuka huko inageuka joto linalotosha kuchemsha takriban lita 150 za maji ya baridi mpaka yatokote. Sehemu ambayo injini haikuipokea inaishia kwenye dramu. Dramu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 419 ikipanda joto nyuzi 300 inatanuka zaidi ya milimita moja, inazikimbia shuu. Milimita hiyo, ikishapita kwenye kamu na kwenye mkono wa slaki, inadai milimita nyingi za rodi. Zile 55 za uwanjani zinafika 64, na dereva anaapa kwamba breki zilikuwa nzima Iringa. Hasemi uongo.

Kupima ni kazi ya chaki na rula. Egesha lori pasipo mteremko, weka kabari kwenye magurudumu, jaza upepo mpaka psi 100 (karibu bar 7), zima injini, kisha achia breki ya maegesho. Usiisahau hatua hii ya mwisho, maana ukipima huku springi ya breki hiyo imeshika utapata kipimo cha uongo. Piga alama ya chaki kwenye rodi pale inapotokea mdomoni mwa chemba. Utingo akanyage breki mpaka mwisho na aishikilie, geji isome kati ya psi 90 na 100. Pima kutoka mdomo wa chemba hadi kwenye alama. Namba 30 ya kawaida ikizidi milimita 51, gari lisitoke. Namba 24 ya kawaida kikomo ni milimita 44. Zipo chemba za safari ndefu zenye vikomo vikubwa zaidi, kwa hiyo soma maandishi kwenye bodi ya chemba kabla ya kuhukumu, na kamwe usifunge ya safari ndefu upande mmoja na ya kawaida upande wa pili wa ekseli ileile.

Slaki za mkono hukazwa hivi: inua gurudumu kwa jeki na uliweke juu ya stendi, bonyeza kola inayofunga nati, kaza mpaka lainingi ziguse dramu na gurudumu lisizunguke, halafu legeza kati ya robo na nusu mzunguko. Angalia kamu unapokaza. Lazima izunguke upande uleule inaozungukia breki ikikanyagwa. Ikienda kinyume, unalegeza huku ukidhani unakaza. Ukimaliza, hakikisha kola imerudi na kufunga nati, kwani isiporudi slaki inajilegeza yenyewe njiani. Kisha pima tena kwa chaki.

Kwa slaki zinazojikaza zenyewe kuna kosa ambalo limeenea mno. Fundi akiikuta imelegea anaikaza kwa spana, na wiki ya pili anairudia. Slaki ya aina hiyo ikihitaji mkono wa mtu mara kwa mara, ama yenyewe imekufa, ama ilifungwa vibaya, ama bushi za kamu zimelika na pini ya slaki inacheza. Kuikaza kila wiki ni kuficha ugonjwa. Fungua, shika kamu, itikise juu na chini: ikicheza, badili bushi kwanza ndipo uilaumu slaki.

Lainingi za ribiti zikibaki milimita 6 katikati ya shuu, zimekwisha. Wengi wanalijua hilo. Wasichoangalia ni herufi mbili zilizopigwa ubavuni mwa lainingi, kama FF, FG au FE. Ya kwanza inaeleza jinsi inavyoshika katika joto la kawaida, ya pili jinsi inavyoshika ikiwa ya moto sana, na kadiri herufi inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo inavyoshika zaidi. FE ni rahisi kwa bei na inafaa kwa lori la mchanga mjini. Kwa Kitonga ni mtego, kwa sababu inalegea wakati uleule unapoihitaji. Na ukichanganya herufi kwenye ekseli moja, gari litavuta upande.

Dramu nazo huchongwa mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mteja anarudishiwa bati. Kikomo cha kipenyo kwa kawaida hupigwa kwenye dramu yenyewe. Kwa ile ya milimita 419 ni takriban milimita 3 zaidi ya kipimo chake cha upya, kuchonga na kulika vyote pamoja. Dramu nyembamba inapata moto upesi, inatanuka zaidi na kupasuka. Sili ya habu ikivujisha oili kwenye lainingi, usizioshe kwa petroli na kuzirudisha. Oili imeshaingia ndani na itatoka tena zikipata moto. Badili sili, badili lainingi za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo.

Upepo wenyewe una vipimo vyake. Matangi yakijaa, injini imezimwa na breki zimeachiwa, lori pekee lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika, na likiwa na tela zisizidi 3. Ukikanyaga na kushikilia, 3 kwa lori pekee na 4 likiwa na tela. Taa au kengele ya upepo mdogo iwake kabla geji haijashuka chini ya psi 60, karibu bar 4. Tumeona balbu hiyo ikichomolewa kwa sababu "inasumbua". Maji ya matangini yamwagwe kila siku, hasa kwa magari yanayolala Dar na Tanga kwenye hewa ya unyevu. Yakitoka na mafuta meusi, ringi za kompresa zinakwenda.

Kuna zoea lingine ambalo ni kosa la jinai kwa akili ya kawaida, sheria iseme isemavyo. Chemba ikivuja njiani, mpira wake unakunjwa na kufungwa kwa waya ili upepo usipotee, na safari inaendelea. Hosi (kichwa cha lori) ya ekseli 3 na tela ya ekseli 3 vina chemba 12. Ukifunga mbili, zilizobaki zinabeba mzigo wa wenzao na zote zinawahi kupata moto. Wengine hufunga za mbele makusudi kwa kuogopa usukani kuvuta. Usukani ukivuta, tafuta kwa nini unavuta.

Tahadhari kwa vijana wanaojifunza kazi: chemba yenye springi ya maegesho isifunguliwe kwa nyundo na patasi. Springi iliyo ndani imebanwa kwa nguvu inayoua. Ikaze kwanza kwa ile bolti yake maalumu, au badili chemba nzima.

Fuso nyingi za zamani za ukubwa wa kati zina upepo unaosukuma mafuta ya breki. Huko adui ni maji ndani ya mafuta. Aina ya mafuta iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, haitokoti chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140, na mafuta yakitokota kanyagio linazama mpaka sakafuni. Yabadilishwe kila mwaka au miwili, kutoka kwenye kopo ambalo halikukaa wazi dukani.

Madereva tutawaandikia siku nyingine, ila moja haliwezi kusubiri: kutoa gia na kuliacha lori lijishukie ili kubana dizeli ni kuzikabidhi breki joto lote peke yake. Shuka kwa gia ambayo ungepandia, na breki ya ekzosi (inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo) iwe inafanya kazi. Kipepeo chake hukwama kwa masizi, kikague kila unapobadili oili.

Sasa ombi letu. Mizani za barabarani hupima kila ekseli bila huruma. Lori la ekseli 6 likizidi tani 50 linapigwa faini. Hakuna anayepima milimita za rodi. Marekani na Kanada mkaguzi akikuta asilimia 20 ya breki za lori zina kasoro, yaani 3 kati ya zile 12, lori halisogei mpaka zitengenezwe palepale. Wakaguzi wetu wapewe chaki, rula na mtu wa kukanyaga, waanze na malori yanayoelekea Kitonga na Sekenke. Chemba 12 hazimalizi nusu saa. Na wewe, Mhariri, mwandishi wako akienda tena kwenye ajali ya namna hiyo, amuulize mkaguzi swali moja kabla ya kuandika "breki zilifeli": rodi zilikuwa na milimita ngapi?

Wako,
Mafundi wa breki za malori,
Mbeya