Wifi, sasa ongeza chakula

Wifi yangu,

Hongera kwanza. Miezi yote ile ya kuvipita vitumbua vya asubuhi, na baiskeli kwenda Raskazone wenzio tukiwa bado tumelala, matunda yake yameonekana. Umetoka kilo 76 hadi 62, gauni la harusi limekuingia tena, na kaka yangu anatembea Ngamiani nzima kifua mbele utadhani aliyekimbia ni yeye. Jina lako nimelificha. Barua nimeiweka hadharani kwa sababu wenzio wa kikundi cha jogging wamefika ulipofika wewe: dayati imekwisha, na aliyewauzia ratiba ya kupungua hakuwaambia kinachofuata. Ratiba yake iliishia kwenye picha mbili, ya kabla na ya baada.

Kinachofuata ni kuongeza chakula. Najua hutaki kusikia.

Ninavyokuona mimi, Jumatatu mpaka Alhamisi ni chai ya rangi isiyo sukari, kipande cha samaki na matango. Ijumaa uso umesawijika na watoto wanajua siku hiyo mama haguswi. Jumamosi shughuli, na Tanga lini ilikosa shughuli? Leo posa, kesho singo, keshokutwa maulidi. Ukikaa kwenye sinia la pilau mkono haurudi nyuma. Jumapili unamalizia kiporo. Jumatatu unapanda mzani wa duka la dawa, unanuna, unaanza upya kujinyima. Hiyo ni dayati ile ile, wifi, isipokuwa sasa imekatwa vipande na haina mwisho.

Halafu kuna zile video za biriani unazonitumia usiku wa manane. Zimenikumbusha jaribio la mwanasayansi Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, lililoanza mwaka 1944. Vita vilikuwa vinaendelea, njaa imetapakaa Ulaya, na Keys alitaka kujua watu waliodhoofika kwa njaa wahudumiwe vipi. Alichukua wanaume 36 waliojitolea, wazima wa afya, akawapa takriban nusu ya chakula walichozoea kwa wiki 24, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula. Watu ambao jikoni walikuwa hawaingii wakaanza kusoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wapo waliokula mpaka tumbo likauma na bado wakasema hawajashiba, na mafuta ya mwilini yakawahi kurudi kuliko misuli. Wale hawakuwa walafi, na wewe pia si mlafi. Mwili uliobanwa sana huanza kuwaza chakula mchana na usiku, na ukifunguliwa mlango mara moja hauingii kwa adabu.

Sababu yake inajulikana sehemu kubwa. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini inapungua, na grelini, homoni inayochochea njaa, inapanda. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hata mwaka mmoja baada ya watu kupungua, homoni hizi zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa. Kevin Hall, mtafiti wa Marekani, naye na wenzake walikadiria kwamba kila kilo moja inayotoka, mwili unapunguza matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula inapanda kwa kalori kama 100. Zitazame namba hizo vizuri. Mnalalamika kwenye kundi kwamba "mwili umelala, hauchomi tena". Unachoma pungufu, kweli, ila njaa imeongezeka zaidi ya mara tatu ya hapo. Njaa ndiyo ya kushughulika nayo, na njaa haitulizwi kwa matango.

Sasa hesabu yako. Kilo 14 ukizidisha kwa 25 ni 350: hizo ndizo kalori ambazo mwili wako wa leo hauzihitaji tena kila siku ukilinganisha na ule wa kilo 76. Kwa hiyo siwezi kukwambia urudi kula ulivyokuwa ukila zamani. Lakini baina ya chakula cha zamani na haya matango pana nafasi kubwa. Ongeza kalori kama 150 kwa siku, kaa nazo wiki mbili, tazama mzani, kisha ongeza nyingine mpaka uzito usimame bila kupanda wala kushuka. Mayai mawili yanakaribia kiasi hicho. Kikombe cha wali mweupe uliopikwa ni kama 200. Wali wa nazi una hesabu yake, maana gramu moja ya mafuta ina kalori 9 ilhali ya wanga au ya protini ina 4, na kasimile, lile tui zito la kwanza, limejaa mafuta. Sikukatazi nazi, nisije nikafukuzwa mji. Siku za kawaida pika kwa tui jepesi, kasimile liwekee wageni. Na mafuta ya kukaangia yapime kwa kijiko, usiyamimine kwa macho: kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120.

Cha kuongeza mwanzo ni protini. Inashibisha, na inalinda misuli uliyobaki nayo. Wengi wanaofanya mazoezi ya nguvu hulenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwako ni kama gramu 100 kwa siku. Inasikika nyingi mpaka uigawe: yai moja gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya 20. Sisi watu wa pwani samaki tunaye hata siku ya mkono mtupu, dagaa yupo. Bada, yaani ugali wa muhogo, na kisamvu kula, ila pande la bada lipungue na samaki akue.

Misuli nayo haikai kwa kukimbia tu. Mara mbili tatu kwa wiki nyanyua kitu kizito. Usiniambie jimu ni ghali, dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 na liko nyuma ya mlango wako. Skwati nalo likiwa nusu, pushapu za ukutani, basi.

Mzani. Jumatatu ukikuta kilo 64, ukapiga mayowe, fanya hesabu kwanza. Kilo moja ya mafuta ni takriban kalori 7,700. Kupata kilo mbili za mafuta kwa Jumamosi na Jumapili ungepaswa kula kalori zaidi ya 15,000 juu ya mahitaji yako, hata sinia zima peke yako halikufikishi huko. Yale ni maji. Mwili unapohifadhi wanga kwenye misuli na ini, kila gramu huja na gramu kama tatu za maji, na chumvi ya pilau nayo inashika yake. Kwa hiyo achana na namba moja, shika eneo: 61 hadi 64. Pima asubuhi siku kadhaa za wiki, tafuta wastani. Wastani ukikaa juu ya 64 kwa wiki mbili, punguza wali kidogo. Usipokaa, kunywa chai yako kwa amani.

Iko rejista ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao hufanya mazoezi kama saa nzima kwa siku, hujipima angalau mara moja kwa wiki, na hula asubuhi. Watu hao walijiandikisha wenyewe, hivyo siwachukulii kuwa ndio binadamu wote. Ila ile chai kavu yako ya asubuhi wao hawaijui.

Mama naye. Kila akikuona anauliza, "Mkwe wangu kakonda, ana nini?" Majirani wanaongeza yao: anaumwa, anateswa, kaka yangu hatoi matumizi. Nimezungumza naye. Akikupakulia, kaa ule, sema umeshiba ukiwa umeshiba kweli. Kinachomuumiza Mama ni ile sahani inayorudi haijaguswa.

La mwisho ni la wanawake, na wenzio wa kikundi wasome pia. Mwalimu anayetaka mshuke zaidi, tumbo liote mistari, muulize kama anajua kwamba mwanamke anayekula pungufu sana kwa muda mrefu anaweza kukosa siku zake, na mifupa ikadhoofika. Zikikatika na huna mimba, nenda hospitali na uwaambie umekuwa ukila nini. Mwili wa jukwaani, wa mashindano ya misuli, hata wanaoshindana huushika kwa muda mfupi tu, wakishuka jukwaani wanaongezeka.

Jumamosi tunakwenda Makorora kwenye singo. Asubuhi kunywa chai ya maziwa na mayai mawili, mchana ule kama kawaida. Ukija umefunga tangu Ijumaa ili "ubakize nafasi", nakuhamishia sinia la wazee.