Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa OMVS, shirika la nchi za bonde la Mto Senegal: tarehe ya maji iwe ahadi

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,

Salamu kutoka Rufiji. Huenda ukajiuliza mtu wa Pwani ya Tanzania ana jambo gani na Mto Senegal. Analo. Kwetu kuna kilimo cha mlau: mto ukishafurika na kurudi, tunapanda kwenye unyevu uliobaki bila kungoja mvua. Kwenye bonde lenu, kuanzia Bakel na Matam hadi Podor upande wa Senegal, Kaédi na Boghé ng'ambo ya pili kule Mauritania, watu wanalima vivyo hivyo, na ardhi hiyo wanaiita walo. Sasa na sisi tuna bwawa juu yetu, la Julius Nyerere, megawati 2,115. Ninyi mmetutangulia, maana bwawa lenu la Manantali lilikamilika mwaka 1988. Yanayompata mkulima wa Matam leo nayafuatilia kwa maslahi yangu mwenyewe, sifichi. (Na nikiandika kwa Kiswahili, Umoja wa Afrika uliiridhia lugha hii kuwa ya kazi tangu 2022, basi nadhani mkalimani hatakosekana Dakar.)

Ninalokuomba linahusu mafuriko ya kupangwa, yaani yale maji yanayofunguliwa Manantali, kule Mali, ili bonde lipate kuloa.

Nchi ile ni kame. Juu, kwenye ardhi ya diéri, uwele unategemea mvua ya miezi michache, na mvua ikikata katikati hakuna cha kufanya. Walo ndiyo akiba. Mto hujaa Agosti na Septemba, maji yanatanda juu ya udongo wa mfinyanzi na kukaa wiki kadhaa, kisha yanaanza kurudi. Hapo ndipo familia zinashuka shambani. Mmoja anatoboa ardhi kwa mti, wa pili anafuata akidondosha mbegu za mtama, wa tatu anafukia. Hakuna mbolea wala pampu, hakuna deni la dizeli. Mtama unakua kwa unyevu wa chini mpaka mavuno, huku watoto wakifukuza ndege. Kwenye kingo zenyewe za mto, zinazoitwa falo, wanawake wanafuata maji hatua kwa hatua wakipanda maharage na viazi vitamu. Wavuvi wanangoja maji hayohayo, kwa kuwa samaki huzaliana penye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Ng'ombe wa Wafulani nao huja kula mabua baada ya mavuno.

Yote hayo yanataka vitu viwili: maji ya kutosha, na maji kwa wakati wake. La kwanza linazungumzwa sana kwenye mikutano, la pili halipati uzito wake. Maji yakichelewa, mtama unachanua wakati upepo wa joto umeshaanza kukausha shamba. Yakija mafupi, udongo wa chini hauloi na mbegu haifiki mbali. Na yakifunguliwa tena baada ya watu kupanda, mche unazama na mbegu ya akiba imekwisha. Mhandisi kwenye chumba cha mitambo anaona mita za ujazo zilezile, lakini mkulima amepoteza mwaka.

Najua hesabu ya upande wa pili. Manantali lina megawati 200, na umeme wake unagawanywa asilimia 52 kwa Mali, 33 kwa Senegal na 15 kwa Mauritania. Maji yakifunguliwa kwa wingi mwezi mmoja, hayatazungusha mitambo mwezi wa kiangazi. Najua pia kwamba mpango wa awali uliyaona mafuriko haya kuwa jambo la mpito, mpaka wakulima wahamie kwenye umwagiliaji wa hekta 375,000. Hekta hizo hazijatimia. Ila Hati ya Maji ya mwaka 2002, iliyotiwa saini na Mali, Mauritania na Senegal, inasema mafuriko ya kupangwa yanahakikishwa kila mwaka isipokuwa kwenye hali isiyo ya kawaida. Mahitaji ya umeme, Mheshimiwa, ni hali ya kawaida kabisa.

Utaniambia kuhusu Oktoba 2024, mto ulipopita kimo cha tahadhari cha mita 10 pale Bakel na kuzamisha nyumba na mashamba pande zote mbili. Ni kweli, bwawa halishiki kila kitu. Mito ya Bakoye na Falémé, inayoingia chini ya bwawa, inakuja yenyewe bila kizuizi. Hata hivyo mwaka ule umeonyesha kwamba mtu wa bondeni anahitaji habari ya mto mapema, kwa lugha anayoisikia, uwe mwaka wa maji mengi au wa ukame.

Kwa hiyo naomba tarehe ya kufungulia, kiasi cha maji na muda wake vitangazwe kabla ya msimu, kwenye redio za bondeni, kwa Kipulaar, Kisoninke, Kiwolof na Kihassaniya, kwa siku ileile kwenye kingo zote mbili. Hili la kingo zote mbili lisichukuliwe kwa wepesi. Kuna familia zinazolala upande mmoja na kulima upande wa pili, na bonde hilo ndilo lililoona watu wakiuawa pale Diawara, upande wa Senegal, Aprili 1989, kisha makumi ya maelfu wakifukuzwa kutoka Mauritania. Zaidi ya 24,000 walirudishwa rasmi kati ya 2008 na 2012, wengi wakikuta ardhi yao ina mwenyewe mwingine. Penye ugomvi wa aina hiyo, habari ikifika upande mmoja kwanza inazaa shaka.

Naomba pia baada ya watu kupanda, lango lisifunguliwe kwa ghafla bila dharura, na dharura hiyo ielezwe hadharani. Tena Tume ya Kudumu ya Maji inayowashauri mawaziri iwape wakulima wa walo, wavuvi na wafugaji nafasi ya kuzungumza pale kiasi cha maji kinapopangwa. Kukaa kama waangalizi hakutoshi kwa watu wanaokula kutokana na uamuzi huo.

Ukijibu, tafadhali jibu hadharani. Huku Rufiji tutalinakili jibu lako na kulipeleka kwa wanaoendesha bwawa letu.

Wako,
Mkulima wa mlau, Rufiji