Si kila kutu hulinda chuma

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni mchomeleaji wa vyuma hapa Jinja. Kamati yetu ya daraja la waenda kwa miguu imeuziwa vyuma visivyopakwa rangi na mfanyabiashara aliyedai kwamba vikishika kutu vitajikinga vyenyewe. Dai hilo lina ukweli kwa feleji, yaani chuma kigumu cha kiwandani, ya aina moja tu, nayo siyo hiyo tuliyoletewa.

Kutu ya chuma cha kawaida ni magamba. Hubanduka na kuacha uso mpya uendelee kuliwa. Feleji ya kujikinga, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1933 kwa jina la Cor-Ten, hutiwa shaba, kromi, nikeli na silikoni, vyote pamoja vikiwa asilimia chache tu za uzito wake. Shaba ndiyo mhimili, na kwa kawaida haifiki hata asilimia 0.6. Kromi huingia ndani ya kutu yenyewe, chembe zake zikawa ndogo na kushikamana, hata maji na hewa vikakosa njia ya kupenya. Fosforasi nayo husaidia, lakini ikizidi chuma huwa chepesi kupasuka penye maungio, jambo ambalo sisi wachomeleaji hulihofu sana.

Nimesikia hoja kwamba feleji yetu inayoyeyushwa kutoka vyuma chakavu tayari ina shaba ya nyaya na mota. Ni kweli huwamo, ila haikupimwa, na pasipo nikeli ya kutosha hujikusanya usoni chuma kinapopashwa moto na kukitia nyufa kikipita kwenye mashine ya kubana. Shaba ya bahati haitoshi kubeba watoto wanaokwenda shuleni.

Hata feleji halisi huhitaji kulowa na kukauka kwa zamu. Ukumbi wa Omni mjini Atlanta, uliofunguliwa mwaka 1972, ulijengwa kwa feleji hiyo, na katika unyevu wa huko kutu haikukoma. Daraja letu litapita juu ya kinamasi cha mafunjo, ambako umande hukawia kukauka na matope hujikusanya kwenye pembe za nguzo.

Naiomba kamati idai cheti cha kiwanda kinachoonyesha kiasi cha kila madini kabla ya kulipa salio, na kisipopatikana, vyuma hivyo visafishwe kutu na kupakwa rangi kabla ya mvua za Machi.

Mchomeleaji,
Jinja