Mfumuko umeshuka, bei hazijashuka

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili limenikaa rohoni muda. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikitoa taarifa ya mfumuko wa bei, ukishuka tu nyie na wenzenu wa redio na tivii mnakimbilia kuandika ahueni kwa wananchi, na picha ya mama sokoni anacheka mbele ya tenga la nyanya. Mtu anasoma, anaenda gengeni, anakuta mchele umepanda tena, anarudi analalamika kwamba takwimu za serikali ni uongo. Takwimu wala hazina kosa hapo jamani, heding ndo imemdanganya.

Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Ukishuka maana yake bei bado zinapanda ila polepole, sawa na lori linalopanda mlima Kitonga, likipunguza spidi halijaanza kuteremka. Chukueni namba zao wenyewe, 2022 asilimia 4.3, 2023 ikawa 3.8, 2024 ikawa 3.1, kwenye magazeti hiyo ni neema tupu. Haya pigeni hesabu sasa, vitu vya 10,000 mwaka 2021 vikawa 10,430, kisha kama 10,826, kisha kama 11,160. Kimeshuka nini hapo? Na yule ambaye mshahara wake haujaguswa toka 2021 ndo mnamwambia apumue.

Halafu hiyo namba ni wastani wa kapu zima, yaani vitu na huduma zote wanazopima bei, na kwenye kapu la sasa chakula kina uzito wa asilimia 28 hivi, kwingine kote ni nauli, kodi ya nyumba, mavazi, simu, mpaka hoteli. Familia ambayo nusu ya hela yote inaishia kwenye unga, maharage na mafuta ya kula, mfumuko wake sio huo mnaoutangaza. Na namba ya chakula peke yake imo humohumo kwenye taarifa, shida ripota akishapata hiyo namba ya jumla iliyo mwanzo wa taarifa kamaliza kazi.

Kukua kwa uchumi nako ni yaleyale. 2023 tulikua kwa asilimia 5.1, sawa, ila sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7 na ikasema tunaongezeka asilimia 3.2 kwa mwaka, kwa hiyo ukigawa kwa vichwa ongezeko halifiki hata asilimia 2. Hilo sijaliona ukurasa wa mbele. Na Julai 2020 je, Benki ya Dunia ilivyotupandisha daraja? Pato la wastani kwa mtu dola 1,080 na mstari ulikuwa 1,036, tulivuka kwa dola 44 kuingia uchumi wa kati wa chini, hayo maneno "wa chini" wengi wenu mkayameza, mtaani watu wakabaki wanaulizana hela zenyewe ziko wapi.

Ombi langu dogo tu. Taarifa ijayo ikitoka, chini ya hiyo asilimia wekeni bei ya kilo ya unga, mchele, maharage na lita ya mafuta, ya mwezi huohuo mwaka jana na ya sasa. Haihitaji hata kumpigia simu mchumi wa benki.

Msomaji wenu,
Mwanza