Mwanangu, Sauti Zangu Usizikimbize

Majengo, Mombasa
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, ila nyanyako goti lamsumbua kama kawaida yake, na babako ana mafua ambayo kwa maelezo yake hajapata kuugua binadamu. Barua hii utaikuta ndani ya mkoba wa mahamri niliomkabidhi kondakta wa basi la usiku. Usishangae karatasi. Dadako ameniambia kwamba sauti ninazokutumia kwa WhatsApp huwa wazikimbiza kwa kasi mara mbili, eti mama aongea mno. Nilicheka, kisha nikanuna. Karatasi haikimbizwi.

Na lile neno lako la sikukuu, "Mama, nyinyi hamuijui intaneti," sijalisahau.

Mwaka 2003, wewe hujazaliwa, nilikuwa nikienda saiba moja ya Mwembe Tayari, kompyuta sita, mbili mbovu. Ami yako alikuwa ameshahamia Maskati. Tulilipa kwa dakika, kwa hivyo barua yake niliiandika kwanza nyumbani kwenye daftari, nikifika ni kunakili tu, kidole kimoja kimoja, jicho kwenye saa. Siku alipotuma picha ya arusi yake ilifunguka kutoka juu ikishuka taratibu: kilemba, paji la uso, macho. Ilipofika kidevuni kwa bibi arusi pesa zangu zikaisha. Nguo yake nilikuja kuiona miezi mitatu baadaye, ilipoletwa kwa mkono. Rangi ya samli.

Siku hizo intaneti ilikuwa ikishushwa kutoka setilaiti, ghali na ya kuvuta miguu. Kisha Juni 2009 ukafika waya wa TEAMS, umelazwa chini ya bahari kutoka Fujairah kule Emirati mpaka hapa kwetu, na Rais Kibaki akaja mwenyewe kuupokea. Mwezi uliofuata ukawashwa wa SEACOM. Wewe ulikuwa na miaka minne, kazi yako kula mchanga. Kwa hivyo mkijidai na kasi yenu huko Nairobi, jueni sehemu kubwa hutoka baharini na kupita Mombasa kwanza. Na bahari nayo ina mambo yake: mwaka 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilishusha nanga mahali pasipofaa, ikaukata waya huo wa TEAMS. Babako alisema, "Nchi nzima imekwama kwa nanga moja." Mpaka leo akikosa mtandao huuliza kama kuna meli.

Mei mwaka jana sikucheka. Nyaya mbili zilikatika upande wa Afrika Kusini, nami nilikuwa na oda ya arusi. Mteja alinitumia sauti. Ikazunguka, ikazunguka, isifunguke. Sijui ni mahamri hamsini au mia na hamsini, na unga wa kuumua haumngoji mtu. Nikampigia simu ya kawaida. Ilikuwa mia mbili.

Maana biashara yangu sasa iko humo, nawe wajua. Baada ya Isha naweka picha ya donge la unga kwenye stetasi, na kabla ya Alfajiri nishajua nani ataka mbaazi na nani ataka viazi karai. M-Pesa ilitutangulia, tangu 2007, nayo haikutaka hata bando. Zile elfu moja mia tano nilizomrudishia mtu "aliyekosea namba", kumbe hakutuma kitu, nishazitolea machozi, usinikumbushe. Sasa natazama kwanza: ujumbe wa kweli waja kwa jina la MPESA, si kwa namba ya mtu. Kisha naangalia salio. Ndipo nasema asante, au nasema jingine.

Barazani kwetu vijana wamerudi. Nilidhani wamekumbuka mazungumzo ya wazee, kumbe waifai yetu hufikia hapo hapo na haivuki barabara. Wakaa sita, kimya, kila mmoja na simu yake, mara wote wapiga kelele pamoja: goli. Babako ataka kubadilisha neno la siri. Mimi nimemkataza. Usiku taa ya baraza na watoto sita wanaonijua ni ulinzi, na ni wateja wangu wa bajia.

Ila la nyanyako ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Mwezi wa Shaabani aliletewa ujumbe na grupu la mtaa: mzee mmoja wa Makadara amefariki, maziko leo baada ya Alasiri, Kikowani. Zamani tangazo lilitoka kwa kipaza sauti cha msikiti, na kama hukusikia ulikuwa na udhuru. Sasa huna. Nyanyako na goti lake akavaa buibui, akapanda tuktuk, akafika, akabisha hodi huku ashaanza kulia. Mlango ukafunguliwa na mjane, mkononi kijiko, nyuma yake samaki wakaangwa. Mzee alizikwa mwaka uliopita! Mtu aliuokota ujumbe wa zamani akausambaza upya. Ulisema "leo", lakini leo ya lini? Mjane alicheka mpaka akaketi kitako, akamwekea chai, wakamkumbuka marehemu mpaka Magharibi. Nyanyako asema matanga ya mwaka jana hayakuwa na raha ile. Sasa kila akisomewa habari ya msiba huuliza, "Ina tarehe?" Yangu nimeiandika juu, asije akanisuta.

Sasa sikiliza. Ile sauti ya Alhamisi usiifute. Dakika mbili za mwanzo ni mimi na bei ya nazi, hizo ruka ukitaka. Kuanzia ya tatu ni nyanyako, akuombea dua ya mtihani, hajui kama simu yarekodi. Anaongea polepole na jino lile limetoka. Ukimkimbiza hutapata neno.

Mahamri ni thelathini, mbaazi nimezigandisha, uzile kwanza. Achari ni ya ndimu. Chupa irudi.

Mamako